Jaji Aliyekuwa na Kwaya Yake

Baba yangu,

Shikamoo. Mama naye msalimie kwa lugha yetu, kamwene. Mgongo wake vipi, bado unamsumbua baridi ikizidi? Na viazi vya bondeni mmeshachimba, au mvua imewagomea? Mimi huku chuoni mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na ndiyo maana nimemwomba kaka akuletee barua hii mkononi kutoka dukani kwake Makambako. Kwenye simu ningefoka, mtandao ungekatika, ukabaki unadhani nimefiwa.

Uliwahi kuniuliza kazi za wasomi zinapimwaje kabla ya kuchapishwa. Ni hivi. Mtu akimaliza utafiti anaandika makala, anaituma kwa mhariri wa jarida. Mhariri hakati shauri peke yake. Anaipeleka kwa watu wawili watatu wanaoijua kazi hiyo, waisome na kusema: ichapishwe, irekebishwe, au ikataliwe. Hawalipwi, na mwandishi hajui ni akina nani, ili waseme kweli bila kuogopa lawama. Ndivyo nilivyofundishwa, nami nikaamini kama mtoto wa kipaimara.

Sasa sikia uchafu. Profesa anayenisimamia kwenye shahada yangu ya udaktari huwa anapelekewa makala hizo, ananitupia mimi nisome, kisha anapeleka maoni yangu kwa jina lake. Haya, hilo nilivumilia. Majuzi akanipa moja, jina la mwandishi limefichwa. Naifungua: majaribio yamefanyika kwetu Wanging'ombe! Mbegu za viazi zimetandazwa kwenye chanja za mianzi, vilevile kama mama anavyotandaza. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Kazi safi, haina longolongo.

Shida ni kwamba sisi nasi tuna utafiti wa jambo hilohilo, bado haujatoka.

"Watafutie kasoro," profesa akaniambia. "Waambie warudie majaribio msimu mwingine mzima."

"Lakini kazi yao haina tatizo, profesa."

"Najua. Yetu itangulie kwanza."

Alisema hivyo huku anamenya chungwa, baba! Wala hakushusha sauti.

Mtu wa kwetu alime upya, avune upya, ahifadhi upya, ili bwana mkubwa huyu aitwe wa kwanza? Na wenzangu ofisini, nilipowaeleza, wakainua mabega, eti ndivyo mambo yalivyo. Ptuu! Watu wazima, na shule yote hiyo.

Nikakukumbuka wewe na kwaya yako kwenye yale mashindano ya Igwachanya, mlipogundua kwamba mmoja wa majaji ndiye mwalimu wa kwaya mliyokuwa mnashindana nayo. Wengine walinung'unika pembeni. Wewe ulienda mbele ukamwambia, "Ndugu, ondoka kwenye hicho kiti." Kikombe mkanyimwa, mkarudi nyumbani Mdandu mnaimba njia nzima.

Basi nimemwandikia mhariri. Nimemweleza yote, kwa jina langu. Ameiondoa ile makala ofisini kwetu na kuwapa wasomaji wengine. Profesa naye amesema hanisimamii tena, nitafute mwingine. Nimebisha hodi kila mlango. Wanatabasamu, wanasema watafikiria. Asipopatikana mtu kabla ufadhili haujaisha, narudi nyumbani bila udaktari. Inaniuma, sikufichi, nimelia sana. Lakini kuiandikia uongo kazi ile, hapana, mkono ulikataa.

Msalimie mama, na shangazi anayeuguza kule Tandala, na mchungaji wetu aliyeniombea siku ya safari. Kaka mwambie asimtukane profesa wa watu mbele ya wateja wake. Namjua mdomo wake.

Jambo moja limebaki. Kaka aliniambia mmeshaanza mazoezi ya wimbo wa kunipokea, na kwamba wazee wa besi wanalivuta neno "Daktari" mpaka vioo vya kanisa vinatetemeka. Naomba mlitoe hilo neno, baba. Imbeni Faines tu. Nitaitika.

Mwanao,
Faines