Kisu Kinachofunguka Majini

Kusini ya Msambweni,
Jumapili asubuhi

Mpenzi mdogo wangu Maimuna,

Assalamu alaykum. Shikamoo yako naihesabu nimeshaipokea, basi marahaba, na marahaba nyingine kwa zile siku ulizonipigia simu ukanikosa. U hali gani? Magoti yamekuruhusu kusali umesimama, au ungali unakaa kitini? Na paa la jiko, shemeji amelimaliza au bado anangoja makuti? Mimi ni mzima, ila mkono wa kulia. Ukiona herufi zangu zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza usidhani ni uzee. Nilishonwa vidole viwili, na cha shahada mpaka leo hakikunjiki sawasawa.

Najua utauliza kwa nini sikukupigia. Kwenye simu ungenikatiza kwa pole, nami ningesema nimeshapoa, na yale ninayotaka kuyasema yangebaki kooni. Kwa hivyo barua hii nampa mke wa imamu wetu, anayekuja huko kwa nduguze. Isome peke yako kwanza.

Unajua kwamba tangu nistaafu ualimu nimejiunga na kina mama wa hapa wanaolima mwani. Tunachomeka vigingi mchangani, tunatandaza kamba baina yake, na kwenye kamba tunafunga vipande vya mwani vikue. Wakati wa bamvua, maji yakikupwa mbali, tunaingia kuvuna. Kazi si ngumu, ila ina saa zake. Bahari inakupa muda mchache, kisha inarudi, na ikirudi haibishi hodi. Nami siogelei, kama ujuavyo. Tulipokimbia bara, wewe ukiwa mgongoni mwa mama, tukafika kisiwani, mama alitukataza maji kwa miaka. Alisema ameshapoteza kijiji, hatapoteza watoto. Nimeishi pwani mbili, kaskazini na huku kusini nilikoolewa, na maji yakinifika kifuani bado mwili wote huganda.

Mwezi mmoja uliopita tulikuwa wawili tu mwisho wa shamba, mimi na jirani yangu Mwanasiti, mwanamke wa umri wako, mzaliwa wa papa hapa. Wenzetu walikuwa wameshatoka. Ni mimi niliyesema tumalize mstari mmoja. Hilo nalo liweke akilini.

Gunia la mwani mbichi ni zito, basi tunalingoja lielee kidogo, tunalivuta nyuma yetu. Kina mama wa hapa hujifunga kamba ya gunia kiunoni, juu ya leso, ili mikono ibaki na kazi nyingine. Nimewaona wakifanya hivyo miaka yote na sikuwahi kusema neno. Mkondo ulilishika gunia la Mwanasiti ukalizungusha kwenye vigingi, mara mbili au tatu, na kamba ikamkaza. Alicheka kwanza. Akajaribu kulifungua fundo, lakini lilikuwa mgongoni, na nailoni ikilowa na kuvutwa haifunguki kwa kucha. Maji yalikuwa kiunoni. Tulipoacha kucheka yalikuwa yamepita kitovu.

"Mwalimu, kisu!" akasema.

Nilikuwa nacho. Kile kisu changu cha kukunja, ulichokiona ulipokuja arusini, chenye kifungulia chupa. Nakibeba kila siku kwenye mfuko mdogo shingoni, na miaka yote nimekatia uzi, embe na kurasa za vitabu vipya. Nilipokitoa, ubapa haukutoka. Kutu ilikuwa imeshika bawaba. Nikautia ukucha, ukucha ukavunjika. Nikajaribu na ncha ya leso, na meno ya kitana.

"Fungua, dada. Fungua."

Maji yakanifika kifuani. Nikamwambia, "Nakwenda kuwaita watu," nikageuka.

Maimuna, nilijua. Kutoka pale hadi nchi kavu, na kurudi na mtu, ni muda mrefu kuliko ule maji yaliyokuwa yakiuhitaji. Nimefundisha hesabu miaka thelathini. Hesabu hiyo niliifanya kichwani nikiwa nimemtazama usoni, na jibu nikalipata, na bado nikageuka. Nilikwenda hatua kumi na nne. Nilikuwa nikizihesabu kwa sababu ndivyo nifanyavyo nikiwa na hofu. Nilingoja aniite. Nilijiambia, akiniita nitarudi. Hakuniita.

Kilichonirudisha sikijui. Ningependa kukuandikia kwamba ni imani, au huruma, lakini nitakuwa naongeza. Nilisimama, nikarudi, nikakitia kisu mdomoni na kuuvuta ubapa kwa meno. Jino la mbele likameguka, ubapa ukatoka. Nikaikata kamba chini ya maji kwa kubahatisha. Ilipoachia, kisu kikajikunja chenyewe juu ya vidole vyangu, kwani hakikuwa na kitu cha kuuzuia ubapa usirudi. Tulitoka tumeshikana, yeye akitapika maji ya chumvi, mimi nikitokwa na damu.

Pwani walitupokea kwa vilio na dua. Damu yangu ilisema kila kitu kwa niaba yangu. Mwalimu kamwokoa Mwanasiti. Mwalimu kavunja jino. Mpaka leo nikienda kisimani napishwa mbele. Katika mkutano wa kina mama wakakata mashauri mawili: hakuna tena kujifunga kamba kiunoni, na kila kundi liingialo majini liwe na kisu kimoja kizuri cha kukunja, kinachobebwa mwilini siku zote. "Na achague Mwalimu," wakasema, "ndiye anayejua visu."

Nilicheka nao. Nyumbani nililala kitandani mchana mzima, nimegeukia ukuta.

Wiki ya pili baada ya hapo mimi na Mwanasiti tukaenda Ukunda, kwenye duka la vifaa vya ujenzi lililo nyuma ya soko. Mwenye duka ni mtu wa bara, wa makamo, mcheshi.

"Karibuni, mathe. Mnatafuta nini?"

"Kisu cha kukunja."

"Ya jikoni?"

"Vya jikoni ninavyo. Nataka cha kubeba."

Akatutazama, mabuibui mawili meusi, akaegemea kaunta. "Kuna mtu anawasumbua? Nitajieni tu jina."

"Tukikutajia utakimbia, kaka," Mwanasiti akamwambia. "Ni bahari."

Akavitoa vitatu. Cha kwanza kilikuwa na vifaa kumi, mkasi, msumeno, hata kijiti cha meno. Nilikirudisha. Mtu mwenye hofu hapaswi kuchagua katika vitu kumi. Cha pili kilikuwa cheusi, chembamba. "Hii ni noma, mathe. Inajifungua yenyewe, cheki." Akabonyeza, ubapa ukaruka, nami nikaruka nyuma hata nikaligonga toroli.

"Hicho hapana," akasema Mwanasiti. "Kitamfungukia kifuani siku moja amesujudu, aseme ni malaika."

Cha tatu kilikuwa kinene na hakina urembo. Mpini wa plastiki ngumu ya rangi ya chungwa, ambao hautapotea machoni kikianguka mchangani chini ya maji. Ubapa mpana wa chuma kisichoshika kutu haraka, na karibu na mpini una meno kama ya msumeno kwa ajili ya kamba. Kwenye ubapa pana tundu kubwa la kuingiza kidole gumba, ili ufungue kwa mkono mmoja bila ukucha wala jino. Ukishafunguka unajifunga kwa loki, na huwezi kuurudisha mpaka uibonyeze.

Nikamwomba beseni.

"Ya nini tena?"

Nikatoa chupa ya maji ya bahari niliyokuja nayo, na kipande cha sabuni. Nikamimina, nikajipaka sabuni mikono yote miwili, maana mwani unateleza hivyo hivyo, nikafumba macho na kukifungua chini ya maji kwa mkono wa kushoto. Mara ya kwanza kilinishinda. Mara ya pili pia. Watu walikuwa wameanza kusimama mlangoni.

"Mathe, unataka kukata nini na hii?"

"Kamba."

"Ya mbuzi?"

"Ya huyu," nikasema, nikimwelekeza Mwanasiti kwa kidevu.

Yule mtu akaacha kucheka. Akatoka nyuma ya kaunta, akailegeza kidogo skrubu ya bawaba, akanirudishia. "Jaribu sasa, mama." Nikafungua mara ishirini, kumi kwa kila mkono. Nikamwambia nakichukua, anifungie kwenye karatasi.

Njiani Mwanasiti aliniambia hajawahi kumwona mtu akinunua kisu kama anayemwoza binti. Nilicheka, lakini nitakwambia nilichokuwa nikikitafuta ndani ya lile beseni. Kisu kibovu kilinipa udhuru wa kuondoka. Nilitaka kisu ambacho hakitanipa udhuru wowote. Na nilipokipata niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ile, kwa sababu mara nyingine nikigeuka sitakuwa na cha kusingizia.

Jana ilikuwa siku yetu ya kwanza kurudi. Wenzetu walitangulia. Mimi na Mwanasiti tukabaki nyuma tukivaa viatu vya mpira, nikamwekea kile kisu mapajani.

"Kaa nacho wewe," nikamwambia. "Ukikwama, usimngoje mtu."

Alikigeuza geuza. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Siku ile ulipokwenda, wajua kwa nini sikukuita?"

Nikainamia kiatu changu, nikakivuta.

"Niliuona uso wako kabla hujageuka. Nikasema, huyu ameogopa, hajui kuogelea. Nikimwita atarudi kwa haya, na kisu chenyewe hakifunguki, tutakufa wawili. Nikanyamaza."

"Mwanasiti."

"Ukarudi mwenyewe. Basi." Akanivisha uzi wa kisu shingoni kama anavyovishwa mtoto hirizi. "Mimi nitakibeba vipi, na mikono yangu imejaa mwani? Twende, maji hayangoji."

Tukaingia. Maji hayakuwa yamefika magotini nilipogundua kwamba nimeshakifungua na ninakwenda nacho mkononi. Alikiona. Akahamia upande wangu wa pili, ule usio na kisu, tukaendelea. Tulitoka mapema kuliko wote. Sikumaliza hata nusu ya mstari, na hakuna aliyenisema.

Umeniandikia mara mbili nirudi nyumbani, kwamba umri wangu si wa kulowa. Chumba unachonitengea kinanitia machozi, nami nitakuja, inshallah, lakini si sasa. Nikiondoka bamvua hii nitajua ninaondoka kwa miguu ile ile ya zile hatua kumi na nne. Kesho maji yatakuwa yamekupwa kabisa kama saa tano kasorobo, nami nitaingia. Niombee dua ya mtu mwoga, kama ipo.

Mpe salamu shemeji, umwambie asipande paa peke yake. Msalimie shangazi aliyetulea, umbusu mikono yote miwili kwa niaba yangu. Binti yako mkunga mwambie vidole vilishonwa vizuri, nyuzi nne kila kimoja, na nilipochomwa sindano nilimkumbuka. Jirani yako msusi wa mikeka mwambie ule mkeka ungali mpya. Na yule fundi cherahani aliyekuwa mwanafunzi wangu, mkumbushe kwamba bado nina buibui moja la kumpa apunguze mikono.

Ukinijibu, nakuomba kitu kimoja. Usiniandikie kwamba mtu yeyote angejifikiria nafsi yake kwanza. Mwanasiti, maji yakiwa kifuani, hakufanya hivyo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Zaituni