Mwezi Uliolala

Mwalimu Mong'ina, binti yangu,

Sisi hapa Awendo tuko salama. Mbuzi amezaa, na malori ya miwa bado yanatujaza vumbi sokoni. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Mdogo wako Nyarangi amekuja likizo na amesema harudi tena kwako Magunga, wala darasani kwako. Nimembembeleza hadi akasema. Eti uliwaonyesha video ya mwezi kwenye tableti, mkachora. Yeye akachora mwezi mchanga umelala kama bakuli. Ukamkosoa kwa kalamu nyekundu, kwa sababu ule wa video umesimama. Ukamuuliza, "Nani alikufundisha ujinga huu?" Akajibu, "Mama." Ukacheka, Mong'ina! Ukasema, "Mama alisomea wapi?" Darasa zima likacheka na wewe.

Mtoto analia kwa ajili yangu. Mimi nimekataa kulia, nimekasirika tu.

Video siikatai. Labda huko ilikotengenezwa mwezi husimama. Lakini wewe nilikubeba mgongoni nikakuonyesha huu wetu, ukanyoosha mkono ukitaka uji uliomo.

Mwezi ukiandama, toka nje jioni na hiyo tableti, utazame juu. Kisha njoo umchukue mdogo wako mwenyewe, na shule ikifunguliwa uliambie darasa ni nani aliyekuonyesha mwezi kwanza. Bila hivyo simtoi.

Uji utaukuta. Na hasira yangu utaikuta pia.

Ni mimi niliyekuzaa,
Bochaberi