Baraza ya Mbao za Kijani

Viroqua, Wisconsin
12 Mei

Mwanangu Signe,

Salamu nyingi kwako, na mjukuu wangu Otto umbusu kwenye paji la uso. Mimi mzima, ila masikio ndiyo yamezidi kuziba. Jana simu ililia mpaka jirani Duane akaja kunigongea mlango. Basi tuendelee na barua.

Tangu mama yako atutoke, hakuna mtu aliyekaa kwenye ile baraza ya mbao huko nyuma. Ukimya wa nyumba hii unanichosha, mwanangu. Nimeamua kuigeuza baraza hiyo iwe mahali pa kukaribisha watu, na sitafilisika. Viti nitavitengeneza kwa vichanja vya mizigo vilivyotupwa nyuma ya duka la vyakula vya mifugo. Meza ni lile gurudumu kubwa la kuzungushia nyaya za umeme. Na lile pipa la ndani la mashine ya kufulia ya mama yako, lenye matundu, litakuwa jiko la kuotea moto. Mbao kuukuu za sakafu, zile za kijani nilizopigilia ulipokuwa darasa la pili, nazing'oa. Jalalani wanataka ulipie kuzitupa, kwa hiyo ndizo kuni zangu.

Njooni mwezi wa saba. Nataka watu wacheke huko nyuma, hata nisiposikia wanacheka nini.

Baba yako

Spokane, Washington
3 Juni

Baba mpenzi,

Pokea salamu zetu. Sisi hatujambo, ila Otto ameng'oka jino la mbele na anaongea kama mzee.

Nilicheka peke yangu kazini niliposoma habari za pipa la Mama. Angekuua! Ile mashine aliipenda kuliko wewe. Otto anauliza kama kwenye moto huo tutachoma zile peremende laini nyeupe. Nimemwambia babu yake hana kazi nyingine. Nimeomba likizo. Na ukitaka kufunga taa barazani, usipande ngazi, muite Duane.

Mwanao, Signe

Viroqua
10 Julai

Mwanangu Signe,

Habari za huko? Huku joto, ila namshukuru Mungu.

Baraza imekamilika! Sakafu mpya ni mbao za banda alilobomoa Duane, na taa za Krismasi zimezunguka pande zote. Ngazi nilipanda mwenyewe, usigombe. Kila jioni nawasha moto, nachoma soseji, nakaa. Zile mbao kuukuu zinawaka ajabu, hata ndimi za moto zina ukijani pembeni. Moshi wake unakereketa koo, lakini mbu hawasogei. Majivu namwagia nyanya, kama bibi yako alivyokuwa akifanya. Hobo, mbwa wa mama yako, kazi yake kuramba yale majivu yanayodondokewa na mafuta. Mroho yule, siku hizi hata chakula chake hataki.

Vidole vyangu vinakufa ganzi. Nadhani ni nyundo.

Mnafika lini?

Baba yako

Spokane
28 Julai

Baba mpenzi,

Salamu, na pole na vidole. Nenda kwa daktari, usijifanye kijana.

Nina habari mbaya. Wauguzi wawili hospitalini kwetu wameacha kazi na likizo yangu imefutwa. Tutakuja mwanzoni mwa Septemba. Najua ulishanunua soseji. Nisamehe, Baba. Nimelia nilipomwambia Otto.

Mwanao, Signe

Viroqua
16 Agosti

Mwanangu Signe,

Natumaini hamjambo. Mwandiko umepinda, vumilia.

Hobo amekufa. Alikuwa akitetemeka, akatapika, asubuhi nikamkuta chini ya meza. Nimemzika karibu na nyanya. Uzee, nadhani. Na mimi tumbo halitulii, lakini huo ni upishi wangu, unaujua.

Hata hivyo nakaa barazani kila jioni. Moto ukiwaka, watu wakipita wanajua nyumba hii bado ina mtu. Zile mbao bora kabisa sijazichoma. Nimezifunika turubai zisilowane. Ni za moto wa Otto.

Baba yako

Spokane
29 Septemba

Baba,

Salamu sina. Otto amelazwa.

Alianza kutapika siku ya pili baada ya kutoka kwako. Nikadhani ni zile nyanya alizokula kutwa nzima. Wakampima hiki na kile, mwisho daktari akaniuliza, "Huyu mtoto amekaa karibu na moto wa mbao gani?" Nikakumbuka ulivyokuwa ukimvuta kiti: "Sogea, Otto, sogea, nimekutunzia zile bora."

Zile ni mbao za dawa, Baba. Zilitiwa aseniki zisiliwe na wadudu. Ukizichoma, sumu inatoka na moshi, na nyingine inabaki kwenye majivu. Hobo hakufa kwa uzee. Nenda hospitali leo, Duane akupeleke. Usichome tena hata kipande, na hizo nyanya usiziguse.

Najua hukukusudia. Lakini nikifumba macho nakuona umeshika kile kijiti cha peremende pamoja naye, na siwezi. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Signe

Viroqua
20 Oktoba

Mwanangu Signe,

Umenikataza kuandika, nami najua.

Nimepimwa. Sumu ninayo, wananitibu. Watu waliovaa barakoa walikuja wakachota udongo, wakabeba pipa, nyanya, viti, wakabomoa na sakafu mpya kwa kuwa majivu yalipenya kila mahali. Hobo naye wamemfukua.

Siku nilipozinunua zile mbao, muuzaji aliniambia haziozi, nikafurahi. Zaidi ya hapo hakusema, wala sikuuliza. Lakini zile za Otto nilizichagua kwa mikono yangu, moja moja, na kuzifuta vumbi. Ndilo linalonitesa.

Anaendeleaje? Neno moja tu litanitosha.

Baba yako

Viroqua
14 Desemba

Mwanangu Signe,

Nawasalimu wewe na Otto. Jibu sijapata, wala sidai. Sanduku la barua nalitazama hata Jumapili, ingawa najua Jumapili barua haziji.

Theluji imeanza. Huko nyuma hakuna baraza tena. Ukifungua mlango unaanguka moja kwa moja chini, kwa hiyo nimeupigilia misumari. Taa nimezihamishia dirisha la mbele, na Duane anasema zinaonekana tangu barabara kuu. Naziwasha giza likiingia, naketi.

Mkija, piteni mbele. Moto hautakuwepo.

Baba yako