Dada, Tulikunyolea Vichwa Ungali Hai

Dada yangu,

Nimekasirika, na nianze hivyo hivyo, maana salamu za kuzungukazunguka hukuzipenda.

Wakubwa wamenituma kambini kwako. Eti kwa kuwa ni mwalimu ninayetunga michezo ya kuigiza, nikae miezi miwili na wagonjwa wa ukoma, nitunge mchezo wa sherehe ya kijiji chetu cha ujamaa. Hawajui kwamba wewe ulifia humu. Sikuwaambia. Nilifunga mzigo nikaja.

Bibi Maria, uliyelala naye chumba kimoja, kanionyesha upawa wa mpini mrefu waliowapakulia nao uji kupitia dirishani, msije mkamgusa mpishi. "Tulilishwa kama tuko zizini," akasema, akacheka. Mimi sikuweza.

Unakumbuka siku uliyochukuliwa? Tulikuwa tunapura uwele, ukanirushia makapi usoni, nikakukimbiza. Bwana afya akaliona baka mgongoni mwako. Jioni hukuwepo. Siku ya tatu baba akatukalisha uani, akatunyoa vichwa sote. Matanga! Mtu mzima mwenye akili zake anamfanyia matanga mtoto anayepumua! Nilikuwa na miaka minane, nikalia nikijua umekufa njiani. Mama alijua ukweli, akanyamaza.

Kumbe ukapona. Wakakupa cheti, wakafungua geti, basi. Hakuna hata wa kukusindikiza akaseme, "Huyu ni mzima." Ukatembea peke yako kutoka hapa kambini Mkiwa mpaka nyumbani. Baba akakuzuia mlangoni. "Binti yangu nilishamlilia," akasema. "Aliyeliliwa harudi." Ukanitazama mimi, msichana wa miaka kumi na sita sasa, mwenye mdomo na miguu. Nikatazama chini. Hilo, dada, usinisamehe upesi.

Ukarudi kambini, nako wakakwambia mzima hana kitanda. Ili upate pa kulala, wakakuandika tena mgonjwa. Wewe mwenye cheti! Bibi Maria anasema ulikiweka chini ya mto mpaka siku unakufa, na hakuna aliyekuomba ukionyeshe. Nimelia kwa hasira mpaka kichwa kikauma.

Jana mkubwa aliyenituma kaja kuusoma mchezo. "Ndugu mwalimu, mwisho huu haufai. Utawaaibisha wazee wa kijiji. Wagonjwa waimbe, wamshukuru daktari."

"Aliyepaswa kuimba amezikwa pale nyuma," nikamwambia.

Akasema nisipobadilisha, nitafukuzwa ualimu. Naupenda ualimu, unajua nilivyousotea. Lakini loo, niandike wimbo wa shukrani juu ya kaburi lako? Thubutu! Sikubadilisha hata neno.

Jumamosi tunacheza. Baba ni mzee wa kijiji, ataketi mbele. Wewe nitakuigiza mimi. Mwishoni hakuna wimbo wala hotuba. Nitamwendea pale alipoketi, nipige goti mbele ya watu wote, niseme kwa jina lako, "Shikamoo, baba." Kwetu mzee haachi shikamoo ya mtoto wake bila jibu, labda mtoto awe amekufa. Basi achague, kijiji kizima kikimtazama. Siinuki mpaka aitikie.

Pumzika wewe, dada. Mimi sijachoka.

Mdogo wako