Mchezo wa Malori wa Ilomba

Jumatano, 2 Juni 1976
Baridi. Gundi haikauki. Lakini mchezo wangu umekamilika — ubao wa mninga, barabara ya Mbeya mpaka Iringa nimeichonga, na malori manne ya mbao. Unatupa dadu, lori linasogea. Ukiangukia tope la Chimala, unarudi Uyole. Wa kwanza kufika Iringa kashinda.
Mke wangu Mwanakhamisi kamfunga jirani yetu Leokadia mara mbili, huku anachambua maharage. Walivyocheka! Mimi dirishani, nasikiliza kama mwizi.

Ijumaa, 4 Juni
Baada ya sala kaja Makame, bingwa wa bao hapa mtaani Ilomba. Kacheza na Leokadia. Kafungwa. Tena Leokadia alikuwa na mwanawe mapajani, dadu anatupa mtoto.
Makame kausukuma ubao kando. Kisha kasema, mchezo ambao mtoto wa maziwa anamfunga mtu mzima si mchezo. Nitoe dadu. Kila mtu achague hatua zake, moja mpaka sita, asirudie namba mpaka zote ziishe.
Nimeudhika. Halafu nimejaribu peke yangu. Mtamu — shida ndiyo hiyo.

Jumapili, 6 Juni
Bila dadu, Makame anafunga kila mtu. Leokadia kafikiri kidogo, kasema kaacha chungu jikoni. Hakurudi.
Mwanakhamisi kaniuliza namchongea nani: wengi wanaotaka kucheka, au mmoja anayetaka kushinda? Nikasema Makame ndiye anayejua michezo. Basi na akakupikie, kasema.
Chapati ya jana. Ngumu.

Jumatatu, 7 Juni
Dereva wa basi kaleta salamu. Bi Evarista, msimamizi wa ukumbi wa wafanyakazi Iringa, anakuja keshokutwa kuuona mchezo. Akiupenda, nitachongea kumbi zote za mkoa ule! Ila anataka sheria zichomwe kwa chuma cha moto nyuma ya ubao. Zikichomwa hazifutiki.
Sheria zipi sasa?

Jumatano, 9 Juni
Kafika. Mama mkavu, miwani, mkoba begani hautui. Kasema hakai, basi lake linarudi saa nane. Makame kamuwahi: dadu ni kamari, dada. Wakaanza bila dadu.
Makame anaongoza tangu mwanzo. Bi Evarista hakubali. Mkoba kautua. Koti kalivua, na baridi hii! Chai ya Mwanakhamisi imepoa mbele yake. Basi lilipopiga honi nikamwambia. Akaninyooshea kidole ninyamaze. Basi limekwenda.
Nikafurahi. Nikatia chuma motoni.
Lakini uani Mwanakhamisi na Leokadia wamechora barabara yao chini kwa mkaa. Malori ni vizibo vya soda. Wanatupa dadu, majirani wamejaa, kicheko mpaka bati linalia.
Bi Evarista kainua kichwa.
"Kule wanacheza nini?"
"Upuuzi," kasema Makame. Macho ubaoni.
Mama kavua miwani, kanigeukia mimi.
"Fundi, kwani kuna mchezo mwingine?"
Nimesema anisubiri, napima ubao. Sipimi kitu, naandika humu daftarini.  Mwanakhamisi kasimama mlangoni, mikono kiunoni, anangoja kusikia nitajibu nini —