Kikohozi cha Upande wa Pili

Kaka yangu Saidi,

Tangu tukuzike sijaandika barua kwa mtu, lakini jana mwanao Mwanahawa aliniletea santuri. Ni ileile, kaka. Wale wazungu wanne wa magitaa, ule mkusanyo wa nyimbo walizorekodi wakazifungia kabatini wasizitoe. Imechapwa upya, na anasema vijana wanaigombania. Nikamwambia baba yako aliigombania kabla hujazaliwa, tena nusura imponze. Akataka nimsimulie. Nimeona nianze na wewe, maana jambo hili hatukulizungumza likaisha.

Unakumbuka ulivyoipata. Familia moja ya Upanga ilikuwa inahama nchi, ukawasaidia kushusha makabati ghorofani, wakakupa santuri hiyo na gramafoni ya betri. Ukaingia nayo chumbani kwetu Kariakoo umeikumbatia mbele ya wapangaji wote. Mimi nilitegemea utarudi na unga. Unga ulikuwa wa foleni, wewe huna kazi tangu kiwanda kikupunguze, halafu unaniletea makelele.

"Nyimbo walizozikataa wenyewe," nikakwambia. "Wewe ndiye unayekula makombo?"

"Si makombo, ni ukoko," ukanijibu. "Na ukoko una wenyewe."

Nilikucheka, ila baadaye nikakuelewa. Kwenye santuri zao nyingine, zile za rafiki zako, walikuwa kama wamevaa viatu. Humu walikuwa pekupeku. Mpiga ngoma anakosea kuhesabu, wanaanza upya. Upande wa kwanza mwimbaji anakohoa, anacheka, kisha anaimba kwa sauti ileile iliyokwaruzika, nami nisiyejua Kiingereza nalengwalengwa na machozi huku nachagua mchele. Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza hivyo, na sikuwahi kukushukuru.

Mwaka huo mama alikuwa amelazwa. Mimi nilikuwa zamu siku sita kwa wiki, kwa hiyo wewe ndiye uliyempelekea uji na kumlisha kwa kijiko. Na mgambo walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kutafuta wasio na kitambulisho cha kazi, wawapakie lori kwenda mashambani. Ungechukuliwa, mama angebaki na nani? Nilikuwa nafanya kazi roho iko juu.

Jumapili ile tulikuwa tumefika upande wa pili tuliposikia mlango wa jirani unagongwa. Ukaingia uvunguni, nyuma ya gunia la mkaa. Gramafoni ilikuwa juu ya stuli, imegusana na kitanda. Nikanyoosha mkono niizime.

"Usizime," ukaninong'oneza. "Ukizima watashtuka."

Wakaingia wawili, kijana wa mgambo na Mzee Mponda, balozi wetu wa nyumba kumi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Hakuniangalia usoni.

"Kaka yako yuko wapi?" mgambo akauliza.

"Kampelekea mama uji hospitali."

Wimbo wa nne ukaisha. Kabla wa tano haujaanza, pale ambapo sindano inakwaruza tu bila muziki, vumbi la mkaa likakushinda. Ukakohoa. Kimoja kikubwa, viwili vidogo.

"Nani huyo?"

"Ni humo kwenye santuri," nikasema. "Hawa wazungu wanakohoa, ndivyo walivyorekodi."

"Rudisha."

Kikohozi cha kweli kilikuwa upande wa kwanza. Hapa, baada ya wimbo wa nne, hapakuwa na kitu, na sisi wawili tulilijua hilo. Nikainua sindano, nikairudisha nyuma kuliko nilivyotaka, ikabidi tusikilize nusu ya wimbo. Mgambo kasimama mlangoni, kichwa kakiinamisha. Mzee Mponda anaangalia gunia. Gitaa likanyamaza. Ngoma ikapigwa mara tatu za mwisho. Nikaanza kufikiria mama nitamwambia nini.

Ukakohoa. Palepale, kimoja kikubwa, viwili vidogo.

"Hawa watu wana kifua," Mzee Mponda akasema taratibu, huku akisogea kusimama mbele ya kitanda. "Twende, kijana. Nyumba bado nyingi."

Mgambo hakuridhika. Akaitwaa santuri, akasema ni kasumba, akatoka nayo kwapani.

Ulipotoka uvunguni, mweusi tii, neno lako la kwanza lilikuwa, "Wameondoka nayo?" Nikakupiga kofi. Nilikuwa nimeogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, nawe unaulizia santuri. Ulinawa, ukachukua chupa ya uji, ukapita uchochoroni kwenda kwa mama.

Miaka yote iliyofuata ulizipiga nyimbo zile kwa mluzi, moja baada ya nyingine, na baada ya wimbo wa nne ukakohoa. Kila mara. Wanao wakakua wakijua ndivyo ilivyo.

Jana tuliisikiliza, mimi na Mwanahawa. Wimbo wa nne ukaisha. Tukangoja. Wa tano ukaanza.

"Shangazi, imeruka," akasema.

Nikamwambia arudishe. Akarudisha. Gitaa likanyamaza, ngoma ikapigwa mara tatu, na nilipoona hukohoi nikakohoa mimi. Kimoja kikubwa, viwili vidogo.

"Hapo sawa," Mwanahawa akasema.

Kofi lile nisamehe, kaka. Pumzika pasipo na vumbi.

Mdogo wako, mlinda sindano