Mirija Sita Niliyokuachia Krismasi

Bariadi,
14 Julai

Kwa dada yangu Esteria,

Mwangaluka, dada. Umeamkaje huko Mpanda, na wanao wanne wameamkaje? Mimi mdogo wako ni mzima, ila kifua kinabana kwa vumbi la pamba na mgongo umechoka. Sikupigii kwa sababu simu yenu anaishika shemeji Kasmiri. Barua hii anakuletea jirani yenu Domitila mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Hapa kiwandani msimu umechanganya. Tunasukuma marobota kutwa, na nyuzi za pamba zinaelea hewani mpaka dirisha halionekani. Nikisimama kidogo nasinzia macho wazi. Naona tunachuma mlenda shambani kwa marehemu mama, umande umetulowesha miguu, naye anatuita sote wawili kwa jina moja. Mashine ikinguruma nadhani ni ng'ombe wa baba wanarudi.

Nilikueleza Krismasi kwamba nimeingia kwenye utafiti hapa mjini. Wanatafuta jeli ambayo mwanamke ataiweka ukeni kabla ya kulala na mume, izuie mimba na magonjwa ya zinaa kwa pamoja, bila kumwomba mume ruhusa. Inateleza kama mlenda uliopoa, haina harufu. Nesi Justina anatugawia mirija yake, na kila mwezi tunamrudishia mitupu aihesabu. Januari nilipopungukiwa sita nilimdanganya kwamba imeangukia chooni. Alicheka mpaka akashika meza, akasema basi choo changu mwaka huu hakibebi mimba.

Jeli ile niliiota tangu siku ya kwanza. Niliiona imejaa mto Simiyu, inakwenda polepole, na wanawake wa kuanzia Nkoma mpaka Shishiyu wanaingia kuoga, hakuna anayetoka akilia. Wewe ulikuwa katikati, tumbo lako halina hata kovu moja la kupasuliwa. Ndiyo maana ulipolia Krismasi, ukaniambia daktari kasema mimba nyingine inaweza kukuua, na Kasmiri kakuletea kisonono mara ya pili, nilikutolea mirija yangu sita. Nikasema hii ni kinga, tulia.

Wiki iliyopita umenitumia salamu kwamba Kasmiri amerudi kutoka machimboni, umeshatumia miwili, na unalala kwa amani. Tangu hapo mimi silali.

Dada, ukweli ni huu. Jeli bado inajaribiwa. Nusu yetu tunapewa yenye dawa, nusu tunapewa tupu, na hata Justina hajui nani kapata ipi. Hata hiyo yenye dawa, hakuna aliyethibitisha kwamba inazuia. Aliniambia siku ya kwanza na nilisikia vizuri. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa unalia, nami sikuwa na kingine cha kukupa.

Unakumbuka tulivyougua homa wote wawili, kidonge kikawa kimoja, mama akakikata kwa kisu? Nilidhani nafanya kama yeye. Lakini mama alilamba kwanza ncha ya kisu, asikie uchungu, ajue anachotupa ni dawa.

Jumatatu nilimweleza Justina kila kitu. Safari hii hakucheka. Amesema mirija iliyobaki itupe, nenda kliniki wiki hii hii upimwe mimba na magonjwa, na kama huna mimba uchomwe sindano ya uzazi wa mpango. Sindano haizuii kisonono, kwa hiyo Kasmiri avae kondomu au akalale zizini. Hilo la zizini nimeongeza mimi. Mimi huenda wakaniondoa kwenye utafiti. Na waniondoe.

Kama siku zako zimeshachelewa, usinifiche kama nilivyokuficha. Mwambie Domitila neno moja tu, nitayaacha marobota nije tukae wote hospitali.

Wabusu wanao. Baba mwambie pamba ya huku mwaka huu ni nyeupe sana.

Ni mimi mdogo wako anayekuogopea,
Kabula